Karo Imelipwa. Nani Aliuliza Kuhusu Mama?

Katika miaka yangu yote ya sekondari, kitu pekee kilichowahi kuniuliza waziwazi kuhusu kifo cha wazazi wangu kilikuwa karatasi. Fomu ya basari. Kama ulisoma shule za serikali unaijua: jina, kata, kata ndogo, chifu apige muhuri, halafu kile kisehemu cha hali ya familia ambapo unatia alama kwenye kisanduku. Yatima kamili. Yatima nusu. Kamili, kama vile kuna zawadi utapewa ukikamilisha. Chini yake wanataka kopi ya cheti cha kifo, na kila mwaka unarudi saiba kupiga kopi nyingine, kwa sababu mwaka jana walikuwa wamekufa lakini mwaka huu lazima uthibitishe kwamba bado wamekufa.

Sina ugomvi na basari. Ilinilipia karo, na mtoto anayefukuzwa shule kila muhula hana hata nafasi ya kuandika makala kama hii. Ugomvi wangu ni na ile imani tuliyoijenga juu ya fomu hiyo, kwamba mtoto akifiwa amepungukiwa na pesa, basi. Ukishamlipia umemaliza naye. Serikali inaamini hivyo, makanisa yanaamini hivyo, mashirika yenye magari meupe yaliamini hivyo kwa miaka mingi, na familia zetu ndizo zinazoamini zaidi. "Si unasoma? Si unakula? Sasa shida iko wapi?" Ukiulizwa hivyo ukiwa na miaka 15, na huna jibu, unaanza kudhani shida ni wewe.

Nazungumzia watu wa umri huo hasa, miaka 12 hadi 18. Mtoto mdogo akifiwa, angalau kuna mtu humpakata. Mtu mzima akifiwa hupewa kiti cha mbele kwenye tenti. Kijana wa miaka 14 hutumwa kuchota maji ya wapishi.

Na ukanda huu wa ziwa, kutoka Kisumu kuzunguka hadi Bondo, Mbita na Migori, ungepaswa kuwa chuo kikuu cha jambo hili. Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, wakati huku kwetu mazishi ya kila wikendi yalikuwa yameshakuwa sehemu ya kalenda. Mwaka 2003 mtafiti Erick Nyambedha na wenzake walichapisha walichokikuta Nyang'oma, kule Bondo: kati ya watoto watatu walio chini ya miaka 18, mmoja alikuwa amefiwa na angalau mzazi mmoja, kati ya tisa, mmoja alikuwa amefiwa na wote wawili. Liweke hilo darasani. Watoto 45, 15 wamezika mzazi, na 5 kati ya hao hawana baba wala mama. Mwalimu anaingia, anaandika hesabu ubaoni, anashangaa kwa nini watu hawamakiniki.

Dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure, wazazi wengi waliokuwa wa kufa hawakufa, na hilo mimi sitachoka kulishukuru. Lakini utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 4.9 nchini kote, na hapo hapo asilimia 19.6 Homa Bay na 17.5 Kisumu. Ongeza saratani inayogunduliwa ikiwa imechelewa, ongeza barabara, ongeza ziwa lenyewe ambalo bado linameza wavuvi. Yatima hatujawahi kukosa. Tulichokosa ni neno la kuwaambia, ukiacha lile moja.

Jikaze.

Hebu lisikilize vizuri. Unakaza nati, unakaza kamba, unakaza mkanda wa suruali. Nimeambiwa nijikaze na pasta, na mwalimu, na jirani aliyekuwa analia kunishinda mimi, na mjomba mmoja aliyenishika bega kwa nguvu mpaka nikadhani ananikaza yeye mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyesema nijikaze mpaka lini. Na neno lenyewe lina jinsia. Mvulana anaambiwa, "Wewe sasa ndiwe mwenye boma." Msichana anaambiwa, "Wewe sasa ndiwe mama ya hawa." Yaani siku uleule mtoto anapopoteza mzazi anapewa kazi ya mzazi, bila likizo ya hata wiki moja ya kuwa mtu aliyefiwa. Halafu miaka mitano baadaye mvulana hataki kuzungumza na mtu, anakunywa, anapigana stejini, na wazee wanauliza ameingiwa na nini.

Nani atasema hatujui kuomboleza? Sisi! Watu wa Kisumu wakisikia hivyo watacheka. Tuna tenti, tuna vipaza sauti, tuna msafara wa magari kutoka mochari ya Russia (ndivyo tunavyoiita hospitali ya Jaramogi, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti) hadi kijijini, na pikipiki zinapiga honi njia nzima. Tuna wasifu wa marehemu unaosomwa kwa Kiingereza kirefu, ambamo watoto wanatajwa kwa idadi. Kifo cha wengi harusi, na sisi tumeongeza didijei. Disko matanga, kwa asiyejua, ni muziki wa usiku kucha kuchangisha pesa za mazishi, na vijana hutoka vijiji vitatu vya jirani kuja kucheza. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi hapa Kisumu, Carolyne Njue na wenzake, walichapisha kwamba disko hizo ni mahali pa hatari kwa vijana: wasichana hulazimishwa, kondomu husahaulika, virusi hupata njia. Kila mtu alilizungumzia hilo kama suala la maadili, na machifu wakapiga marufuku, na marufuku ikavunjwa.

Mimi swali langu ni dogo zaidi. Usiku huo, spika zikitetemesha mabati, mtoto wa marehemu analala wapi? Nyumba imejaa wageni. Kitanda chake kimepewa shangazi kutoka Mombasa. Mwenye msiba hana pa kulala kwenye msiba wake.

Haya, Jumamosi inapita. Jumapili kuna kunyoa nywele na kuhesabu michango. Jumatatu watu wanaanza kuondoka, lakini kabla hawajaondoka kuna kikao. Sisi tulikuwa wanne. Kikao kilifanyika chini ya mwembe, watu wazima kama kumi na mbili hivi, na sisi wakubwa wawili tukatumwa senta kuleta kreti ya soda. Tuliporudi, yalikuwa yameamuliwa: mmoja Nakuru kwa baba mdogo, mmoja Migori kwa shangazi, mimi bweni na likizo kwa mjomba, na kitindamimba abaki na nyanya. Walituambia kwa upole sana. Walikuwa wamehesabu sahani, wakahesabu vitanda, wakahesabu karo, na kwa hesabu zao walikuwa sawa kabisa. Mimi siwaiti wabaya. Nasema tu kwamba tulimzika mama Jumamosi, na kufikia Jumanne nilikuwa nimempoteza kila mtu mwingine aliyekuwa anamkumbuka kama ninavyomkumbuka mimi. Nani angenikumbusha jinsi alivyokuwa akiimba vibaya makusudi akipika omena? Wa Nakuru ndiye aliyekuwa anajua. Simu alipata miaka minne baadaye.

Yatima wengi ninaowajua hawataji mazishi unapowauliza ni nini kiliwavunja. Wanataja mgao huo.

Sasa tuje kwa saikolojia, kwa sababu kuna watu wanadhani ni mambo ya wazungu na ya watu wa Lavington wenye bima. Kwanza nikubali: kile kidogo cha saikolojia kilichotufikia kilifika kikiwa kimechacha. Ukienda semina yoyote ya ushauri nasaha utachorewa hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni, kukubali. Hatua hizo zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross, katika kitabu chake cha 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa hospitalini huko Chicago. Wagonjwa waliokuwa wanakufa wao wenyewe. Hakuwa anaandika kuhusu msichana wa Nyalenda ambaye mama yake amekufa na ana mtihani wa Kemia Alhamisi. Lakini sisi tulizichukua tukazifanya ngazi, na mtoto akiwa na hasira mwaka wa tatu anaambiwa amekwama kwenye hatua ya pili, kama lifti.

Kuna kazi nyingine inayotufaa zaidi. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, wa Uholanzi, walieleza kwamba mtu aliyefiwa haendi mbele kwa mstari. Huenda na kurudi. Saa moja anaukabili msiba wenyewe, analia, anatafuta picha. Saa nyingine anageukia maisha, anafua, anacheka, anafanya hesabu. Mimi huifikiria kama feri ya Mbita na Luanda Kotieno: kazi yake ni kwenda na kurudi, na ikibaki upande mmoja siku nzima ndipo watu wajue kuna tatizo. Kwa kijana, feri hiyo ina kasi ya ajabu. Anaweza kulia saa nne na kucheza mpira saa tano, na mpira huo si dharau kwa marehemu. Ndio maana nakasirika nikisikia mtu mzima akisema, "Huyu hata hajaguswa, jana nilimwona anacheka." Alikuwa anapumua, mama.

Na kinyume chake pia. Majonzi ya kijana mara nyingi hayafanani na majonzi. Yanafanana na utundu. Yanafanana na kulala darasani, na alama kushuka kutoka B hadi D, na kumjibu mwalimu vibaya, na kutoroka, na kuanza kuendesha boda ya mtu usiku. Shule moja niliyopitia, ambayo sitaitaja, ilimpa rafiki yangu barua ya wiki mbili nyumbani kwa utovu wa nidhamu, miezi miwili baada ya kuzika baba. Nyumbani gani? Alikaa wiki hizo mbili ufuoni akipakua samaki, akaona pesa, na shule haikumwona tena. Kwenye rekodi zao nadhani ameandikwa mtoro.

Wazee wetu walikuwa na mahali pa kuiweka hasira hiyo. Tero buru: wanaume na ng'ombe wakitoka mbio, mikuki, ngoma, vumbi, kwenda kukifukuza kifo nje ya boma. Unaweza kuiona kama ushirikina ukitaka. Mimi naiona kama jamii nzima ikikiri kwamba kifo kinakasirisha, na ikitoa uwanja wa kukasirikia. Leo tumebakiza mavumbi ya pikipiki na tumeondoa maana. Na kuna nying juogi, jina la aliyekufa linalopewa mtoto anayezaliwa, ili aliyekwenda aendelee kuitwa ndani ya nyumba. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walitoa kitabu kizima Marekani kuwaambia wanasaikolojia kwamba kufiwa vizuri si kukata uhusiano na marehemu, kwamba watu hubaki na uhusiano nao na hilo si ugonjwa. Nyanya yangu hakukisoma. Yeye huita mjukuu kwa jina la bintiye na kumtuma chumvi.

Lakini nisije nikaitwa mtetezi wa mila zote, kwa sababu kuna moja iliyotumaliza: kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na hapa kwetu hata kifo chenyewe tulikificha. Kilikuwa chira, mtu amevunja mwiko. Kilikuwa malaria, kilikuwa kifua, kilikuwa jirani. Neno ayaki lilisemwa kwa sauti ya chini, na watoto wakiingia likabadilishwa kuwa habari za mvua. Na watoto hao ndio waliokuwa wauguzi! Morten Skovdal alifanya utafiti na watoto wa Bondo waliokuwa wanatunza wazazi wagonjwa na wazee, akawapa kamera na karatasi za kuchora waonyeshe maisha yao. Watoto wanaopika, wanaoosha mgonjwa, wanaolima, wanaouza kuni wapate pesa za dawa. Skovdal anasisitiza, na namheshimu kwa hilo, kwamba hawakuwa wanyonge tu. Walikuwa na akili, na majirani, na fahari ya kazi yao. Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo, aliyeshika beseni miezi sita, halafu siku ya mazishi anaambiwa mama aliugua "kwa muda mfupi".

Mtoto asiyeambiwa hutunga. Hutunga kwamba ni ule uji alioupika bila maziwa. Hutunga kwamba ni siku ile aliyokasirika akatamani mama afe tu apumzike. Wapo waliomeza vidonge kila jioni mpaka karibu kumaliza shule wakiambiwa ni vya kifua, wakagundua wenyewe kliniki, kwa kusoma bango ukutani, walichozaliwa nacho na kilichomuua mama. Siku hiyo moja wakafiwa upya na wakaugua papo hapo. Watu wazima walioficha watakwambia walikuwa wanamlinda. Mimi naona walikuwa wanajilinda wao, wasije wakaulizwa swali la pili.

Na hapa ndipo wenzangu wa kanisani hunikasirikia. "Mungu alimpenda zaidi." Nimeisikia mara ngapi sijui. Mwambie mtu wa miaka 13 kwamba kuna mtu mkubwa mbinguni aliyempenda mama yake kuliko yeye alivyompenda, akamchukua, halafu umwombee afunge macho amshukuru. Imani ilinisaidia, sikatai; kulikuwa na mama mmoja wa kwaya aliyekuwa anakaa nami kimya, bila mstari wowote, akimenya njugu. Huyo simsahau.

Tumzungumzie nyanya basi. Nchini kote yatima hukabidhiwa nyanya kama vile nyanya ni wizara. Lakini nyanya naye amefiwa! Amezika binti, pengine wa pili au wa tatu, na jioni ileile ameachiwa watoto watano na kuku wawili. Katika utafiti wa William Worden na Phyllis Silverman huko Boston, waliofuatilia watoto 125 waliofiwa na mzazi, kilichotabiri zaidi kama mtoto angekuwa salama kilikuwa hali ya mzazi aliyebaki: je, bado anaweza kumsikia mtoto, au majonzi yake mwenyewe yamemziba masikio? Kwa nyumba zetu, mzazi aliyebaki ni mwanamke wa miaka 68 mwenye presha. Hakuna aliyemuuliza. Yeye alijikaza kabla neno hilo halijafika kwetu.

Hapo sasa mtu wa uchumi atainua mkono. Atasema: wewe unaleta mazungumzo kwa watu wenye njaa, wape pesa kwanza. Vizuri, tuangalie pesa. Kenya ina mpango wa kutoa pesa taslimu kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio hatarini. Ulianza kwa majaribio mwaka 2004, na kwa miaka mingi ulikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ulipochunguzwa na Kelly Kilburn na wenzake, matokeo yakatoka 2016: kwa vijana wa miaka 15 hadi 24 katika kaya zilizopokea pesa, uwezekano wa kuwa na dalili za unyogovu, ile huzuni nzito inayomlaza mtu mchana, ulipungua kwa asilimia 24. Pesa zinatibu, ndiyo. Sitaki mtu anielewe vibaya hapo. Ila soma mstari unaofuata: nafuu hiyo ilionekana kwa wavulana, hasa yatima. Kwa wasichana haikuonekana.

Kwa nini? Mimi nina maoni yangu. Pesa zikija, mvulana anapata viatu na anarudi shule. Msichana anapata viatu, anarudi shule, na akitoka shule bado ndiye mama ya hawa: bado anaamka saa kumi, bado anaosha, bado analala chumba kimoja na wadogo zake akisikiliza nani amekohoa. Na akiishi karibu na fuo kama Usenge au Mbita, anajua bei nyingine ya samaki, ile ya jaboya, ambapo mvuvi hakupi samaki mpaka umpe mwili. Tunaiandika jaboya kama tabia ya wanawake wachuuzi. Wengine wao waliingia biashara hiyo wakiwa na miaka 16, kwa sababu mtu aliwaambia wao sasa ndio mama. Elfu mbili haiondoi hilo. Anahitaji pesa na anahitaji mtu mzima wa kumvua ule umama aliovishwa.

Na mtu huyo si lazima awe daktari wa Nairobi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu jibu lipo jirani. Shannon Dorsey na wenzake walifanya jaribio Bungoma, hapo tu, mwendo wa matatu kutoka Kisumu, na pia Moshi, Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2020. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na waliokuwa na dalili za kiwewe. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida wa jamii, wasio na digrii ya saikolojia, waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Mikutano 12 ya kikundi na michache ya mtoto peke yake, na mlezi naye akishirikishwa. Mtoto anajifunza majonzi ni nini, anajifunza kutuliza mwili, anasimulia kifo chenyewe kidogo kidogo mpaka anafika pale pabaya zaidi na kugundua hakufa kwa kupasema. Anataja anachokikosa kwa marehemu na asichokikosa pia, kwa sababu wazazi waliokufa hawakuwa malaika, na mtoto wa baba mlevi ana haki ya kulia na kupumua kwa wakati mmoja. Katika maeneo 3 kati ya 4 tiba hiyo ilishinda huduma za kawaida, na upande wa Kenya, mjini na mashambani, tofauti ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Baadaye kazi hiyo ilipelekwa kwa walimu na wahudumu wa afya wa jamii wa Bungoma hiyohiyo.

Siyo kila aliyefiwa anahitaji hayo. Wengi hupona kwa muda, kwa marafiki, kwa mtu wa kumenya naye njugu. Shirika la Afya Duniani sasa linatambua majonzi yanayomshika mtu zaidi ya miezi 6 na kumzuia kuishi kuwa hali inayohitaji tiba, na hao ni wachache. Lakini utawajuaje wachache hao kama hakuna anayeuliza yeyote?

Badala ya kuuliza, tuna desturi nyingine. Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yakitoka, runinga zinamtafuta yatima aliyepata A. Wanampiga picha mbele ya nyumba ya udongo, nyanya anacheza, mtangazaji anasema ameshinda machungu yote, halafu nambari ya M-Pesa inapita chini ya kioo. Nafurahi kwa huyo mtoto, kweli, na mtumieni pesa. Ila tazama tumemfundisha nini yule aliyepata D ambaye pia alizika mama mwezi Machi. Tumemwambia kwamba kuna yatima wazuri, na kwamba uzuri wenyewe ni kutoonyesha kidonda. Hata huyo wa A nina wasiwasi naye. Nimejua watu walioshika alama kama mtu anayeshika mbao ziwani. Walifika chuo kikuu, mtihani ukaisha, mbao ikaisha, na ndipo wakaanza kuzama, wakiwa na miaka 21, mbele ya watu waliowaita mashujaa.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kazi nyingi zilizokuwa zikiwafikia yatima wa ukanda huu zikasimama nayo. Nimesikia watu wakilia kuhusu karo na sare, na wako sahihi. Sijasikia mtu akisema sasa tumepata nafasi ya kuamua wenyewe tunataka mtoto aliyefiwa afanyiwe nini. Kwa mfano, kwamba aambiwe ukweli siku hiyohiyo, kwa jina la ugonjwa, na mtu anayempenda, kabla hajausikia kwa dereva wa boda. Kwamba awe ndani ya kile kikao cha chini ya mwembe, na soda ikaletwe na mtu mwingine. Na kama ndugu lazima watenganishwe, basi nauli ya kuonana kila likizo iandikwe kwenye bajeti ya mazishi, kabla ya tenti na kabla ya didijei. Kwamba shule ikimpokea, mwalimu mmoja, mwenye jina, ajue tarehe ya kifo, kwa sababu tarehe hiyo itarudi kila mwaka na alama zitashuka wiki hiyo.

Hatuanzi na mikono mitupu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii 100,000 nchini, wakapewa mabegi ya vifaa na simu. Wa kijiji chetu ni mama mmoja mchangamfu sana. Huja kwa nyanya, hukaa kwenye kigoda, humfunga mkono na mashine, husoma nambari, huziandika kwenye simu, humwambia apunguze chumvi. Kwenye chumba cha pili siku hizi kuna binamu yangu wa miaka 14, amefiwa na baba mwaka jana, ameacha kwenda mazoezi ya mpira na analala mchana kutwa Jumamosi. Yule mama humsalimia akipita. Amefunzwa presha, sukari na ujauzito; kumuuliza huyu kijana habari za baba yake hakufunzwa. Mafunzo yapo Bungoma. Ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi.